Ukiisha Kulipa Deni la Zamani, Ukope Tena Lini?

Jioni moja ya mwezi wa Aprili mwaka 2024, majuma machache baada ya Pasaka, mama mmoja jirani yetu hapa Kalemie alibisha hodi nyumbani kwetu. Alikuwa na karatasi mbili mkononi. Tukamkaribisha, akaketi, akauliza hali ya watoto mmoja mmoja kama desturi yetu ilivyo. Kisha akasema: “Mwalimu, Kifaransa cha karani kinanishinda. Naomba unisomee karatasi hizi kabla sijatia sahihi.”

Wapenzi wasomaji, jina la mama huyu hatutalitaja, maana ametupa ruhusa ya kueleza habari yake, si ya kumtangaza. Ni mchuuzi wa ndagala, samaki wale wadogo ambao ndugu zetu wa ng'ambo, kule Kigoma, huwaita dagaa. Hununua pwani alfajiri mitumbwi inaporudi, huanika, huuza sokoni kwa kopo na kwa gunia. Mwaka 2021 alikuwa amekopa dola 200. Mwaka ule maji ya ziwa Tanganyika yalipanda, yakaingia katika nyumba za watu wengi wa pwani, na yake ikiwa mojawapo. Fedha ya mkopo ikanunua mabati na miti badala ya samaki. Basi akashindwa kulipa. Wakopeshaji wakamgeukia mdhamini wake, yaani shemeji yake, mdogo wa mumewe, na baiskeli yake ikachukuliwa. Tangu siku ile shemeji hakukanyaga tena ua wa nyumba ile.

Mama hakukimbia. Alilipa kidogo kidogo, mwezi huu franka 10,000, mwezi ujao 15,000, hata Februari 2024 akamaliza. Sasa karani wa shirika lingine la mikopo midogo alikuwa amemtembelea sokoni na kumwambia kwamba aweza kupata dola 300 upesi. Furaha ilikuwa usoni pake. Alidhani jina lake limeoshwa.

Tulizisoma karatasi zile mara mbili. Kisha tukachukua kalamu na daftari, tukapiga hesabu mbele yake.

HESABU YA KARATASI

Mkopo ulikuwa wa dola 300 kwa miezi sita. Faida ya mkopeshaji ilikuwa asilimia 3 kwa mwezi, nayo ikihesabiwa daima juu ya dola 300 zote, hata zile zilizokwisha kulipwa. Maana yake ni dola 9 kila mwezi, jumla dola 54. Basi deni lote ni dola 354, na fungu la kila mwezi ni dola 59.

Lakini fedha anayotia mkononi si dola 300. Dola 30 zabaki kwa mkopeshaji kama amana, na dola 6 zakatwa kwa ajili ya kuandika faili. Mama angetoka ofisini na dola 264.

Tulimwuliza: “Mama, ukipokea fedha hii tarehe 22 Aprili, fungu la kwanza litakuwa lini?” Akajibu: “Tarehe 22 Mei.” Tukamwuliza tena: “Na tarehe 15 Mei kuna nini ziwani?”

Hapo akanyamaza.

Mwaka ule nchi nne zinazozunguka ziwa, yaani Kongo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilikubaliana kufunga uvuvi tangu tarehe 15 Mei hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaa na kukua. Basi fungu la Mei, la Juni na la Julai yangefika wakati ziwa limefungwa. Mafungu matatu ya dola 59 ni dola 177. Katika dola 264 alizopokea, dola 177 zingerudi kwa mkopeshaji kabla mtumbwi mmoja haujatoka. Angebakiwa na dola 87 za kufanyia biashara, na bado angedaiwa dola 177 nyingine. Huko si kukopa. Ni kuichukua fedha ya mwenzako kwa matembezi na kumrudishia pamoja na nauli.

Akauliza kwa sauti ndogo: “Na ada ya mtihani ya binti yangu?” Kumbe hilo ndilo lililokuwa likimsukuma. Binti yake mkubwa alikuwa mwaka wa mwisho wa sekondari, na ada ya mtihani wa Serikali haingoji ziwa lifunguliwe. Sehemu ya mkopo ingekwenda huko. Hatuwezi kumlaumu mzazi kwa jambo hilo. Lakini ada ya mtihani hailetei nyumba fedha mwezi unaofuata, na mkopo wa biashara unaolishwa kitu kisichozaa ndio ulioichukua baiskeli ya shemeji.

MWEZI NA ZIWA

Mtu wa mshahara hukopa kwa kutazama kalenda ya ofisi. Sisi watu wa Kalemie, ambao wengi twaishi kwa ziwa, yatupasa kutazama kalenda mbili zaidi.

Ya kwanza ni ya mwezi mbinguni. Ndagala huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kubwa, taa haziwavuti tena samaki, na wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mchuuzi anayelipa deni lake kila juma atakuwa na majuma mazuri na juma moja kavu katika kila mwezi. Asiyelihesabu juma lile kavu hujikuta akikopa kwa jirani ili alipe kwa karani.

Ya pili ni ya majira: kufungwa kwa ziwa, mvua kubwa, kupanda kwa maji, na ufunguzi wa shule. Aombaye mkopo mwezi mmoja kabla ya kufungwa kwa ziwa ni kama mkulima apandaye mahindi mwanzo wa kiangazi. Mbegu ni njema na jembe ni kali, lakini wakati wamshinda.

Tena kuna jambo la fedha yenyewe. Mikopo yetu mingi huandikwa kwa dola, na mama huyu huuza kwa franka. Mwanzoni mwa mwaka 2023 dola moja ilipatikana kwa franka karibu 2,000. Kabla mwaka haujaisha ilipita franka 2,600. Fungu la dola 59 ambalo Januari lilikuwa franka 118,000, Desemba lilikuwa zaidi ya franka 153,000. Mkopaji hakuongeza deni hata senti moja, na deni likamzidi. Basi ukiweza kupata mkopo katika fedha unayouzia, uchague huo. Ukikosa, kope kidogo kuliko unavyoweza kulipa leo, ili thamani ya franka ikishuka isikuangushe.

JINA JEMA HURUDI JE?

Wengi hudhani kwamba siku ya kulipa franka ya mwisho ndiyo siku jina linaporudi. Sivyo. Siku ile deni limekufa, lakini kumbukumbu yake yaishi.

Katika nchi nyingine kumbukumbu hiyo imeandikwa vitabuni. Huko Kenya, habari mbaya ya mkopaji hutunzwa katika ofisi za taarifa za mikopo kwa miaka 5. Huko Marekani, malipo yaliyochelewa huonekana kwa miaka 7, na hata kule kuomba tu mkopo huacha alama ya miaka 2. Nchini kwetu Banki Kuu ya Kongo inayo daftari kuu la mikopo, ambalo kwa Kifaransa huitwa centrale des risques. Lakini kwa mchuuzi wa pwani daftari la kwanza ni watu: karani aliyemfuata zamani, wanawake wa soko, na yule mdhamini aliyerudi nyumbani kwa miguu.

Kwa sababu hiyo tulimwambia mama mambo matatu. La kwanza, arudi kwa yule mkopeshaji wa zamani na kuomba karatasi yenye mhuri inayosema kwamba deni limekwisha. Watu wengi hulipa na kuondoka wakifurahi, wasidai karatasi. Baadaye karani hubadilishwa, daftari hupotea, nao hudaiwa tena. La pili, asiende kubisha katika milango minne kwa pamoja. Makarani wa mji mmoja huzungumza, na mtu aonekanaye kila mahali akiomba hudhaniwa kuwa anazama. Achague mlango mmoja, kwa wakati wake. La tatu, aende kwa shemeji.

Hilo la tatu ndilo lililomwia zito. Akasema: “Nimekwisha kulipa deni lote, Mwalimu. Naye ana nini na mimi?” Tukamjibu kwamba mkopeshaji amelipwa, ila baiskeli haijalipwa. Na akija karani kuuliza nani atamdhamini safari hii, atamjibu nini? Sura ya 29 ya kitabu cha Yoshua bin Sira yahusu jambo lili hili. Humo twafundishwa kumkopesha jirani mwenye shida na kurudisha kwa wakati, na twakumbushwa kwamba fadhila ya mdhamini isisahauliwe, kwa kuwa amejitoa nafsi yake kwa ajili ya mwenzake. Mkopaji aliyemsahau mdhamini wake hajamaliza deni.

MLANGO USIOFAA NA MLANGO UFAAO

Yuko mkopeshaji mmoja asiyeuliza karatasi wala mdhamini wala jina. Kwetu Kongo watu wamezoea kumwita Banque Lambert, ingawa yeye si banki kamwe. Ni mtu wa mtaani mwenye fedha na moyo mgumu. Tuseme anataka asilimia 40 kwa mwezi. Dola 50 zakuwa 70 mwezi wa kwanza. Usipolipa, mwezi wa pili ni 98, na mwezi wa tatu ni 137. Huyu humpenda sana mtu aliyeharibikiwa jina, kwa sababu ajua kwamba milango mingine imemfungia.

Taabu hiyo si ya Kongo peke yake. Mwaka 1897, katika bunge la Kanada, mbunge mmoja alieleza habari ya mtu wa Montreal aliyekopa dola 150 na kuhukumiwa kulipa riba ya dola 5,000. Mtumishi mmoja wa bunge, Alphonse Desjardins, alisikia maneno yale yakamchoma. Tarehe 6 Desemba 1900, katika mji wa Lévis, aliunda pamoja na jirani zake chama cha akiba na mikopo. Walianza kupokea fedha tarehe 23 Januari 1901. Mwekaji wa kwanza alitoa senti 10, na siku ile yote walikusanya dola 26 na senti 40. Baada yake vyama kama hivyo vilienea parokia kwa parokia, kwa maana watu wa parokia moja hujuana: wamjua mlevi, wamjua mchapa kazi, wamjua na yule aliyepatwa na msiba bila kosa lake. Watu wa namna hii waweza kumwamini tena mtu ambaye karatasi zamkataa.

Sisi nasi tunao mlango kama huo. Tunayo likelemba, ambamo kila mtu hutoa fungu lake na kila mtu hupokea kwa zamu. Tena tunavyo vikundi vya akiba na mikopo vinavyoitwa AVEC. Namna hiyo ilianzishwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991, na sasa imeenea Afrika. Wanakikundi hukutana kila juma na kununua hisa mbele ya macho ya wote. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu mbalimbali. Mwanachama huweza kukopa, kwa kawaida si zaidi ya mara tatu ya akiba yake, na mwisho wa mwaka wote hugawana akiba pamoja na faida. Mama yetu alikuwa mwanachama wa kikundi kimoja, lakini kwa aibu ya deni alikuwa ameacha kununua hisa.

AKINGOJA, ATAKULA NINI?

Mama aliuliza swali hili, na ni swali la haki. Ni rahisi kwa mwalimu kusema “ngoja.” Anayengoja ana watoto.

Lakini kungoja si kukaa mikono kifuani. Mama akarudi katika likelemba yake, akawaeleza wenzake habari ya mtihani wa binti. Mmoja akakubali kubadilishana naye zamu, na ada ikalipwa bila mkopo wowote. Miezi ile ziwa lilipofungwa aliuza mawese na unga wa muhogo. Faida ilikuwa ndogo, na siku nyingi nyumba ilikula sombe bila samaki; hatutaki kuficha jambo hilo. Hata hivyo kila juma alinunua hisa tatu za franka 2,000 katika kikundi chake. Kwa majuma 16, tangu Mei hata mwisho wa Agosti, akiba yake ilifika franka 96,000.

Ziwa lilifunguliwa siku ya Kupalizwa Bikira Maria. Wengi walikimbilia pwani na fedha za kukopa. Mama akatazama mbinguni: mwezi ulikuwa karibu kujaa, nao ulijaa tarehe 19 Agosti. Akangoja siku kumi nyingine. Usiku wa giza uliporudi, ndipo alipoomba mkopo wake wa kwanza katika AVEC. Kanuni ilimruhusu hata franka 288,000. Aliomba 90,000. Akawalipa mwezi wa Oktoba, mbele ya wanakikundi wote, na katibu akaandika.

Toka Septemba hata Novemba alifanya jaribio ambalo twapenda kila msomaji alijaribu. Alijifanya kana kwamba amekwisha kupata mkopo. Kila juma aliweka kando franka 24,000, asiziguse, kama vile karani angekuja kuzichukua. Mtu akishindwa katika jaribio hili, amejua udhaifu wake bila aibu, bila faini na bila kupoteza baiskeli ya mtu. Akishinda, fedha ile ni yake, naye amejua kiasi anachoweza kubeba. Mama alishinda, ijapokuwa majuma mawili alilazimika kufidia juma lililofuata.

ISHARA ZA WAKATI UFAAO

Basi, msomaji mpenzi, ukitaka kujua kama saa yako ya kukopa tena imefika, ujiulize maneno haya kwa unyofu.

Je, deni la zamani limekwisha, na karatasi yake unayo? Je, mdhamini wako wa zamani aweza kukutana nawe njiani bila kugeuza uso? Je, mkopo mpya ni wa kitu kitakachozaa fedha kabla ya siku ya kulipa? Je, waweza kulipa fungu lako hata katika juma lililo baya kuliko yote? Je, umeliweka fungu hilo kando kwa miezi mitatu bila kushindwa? Je, fungu la mwisho litaanguka kabla ya ziwa kufungwa? Na mwisho: mkopeshaji akikukatalia leo, nyumba yako itasimama kesho?

Swali hili la mwisho ni zito kuliko mengine. Yule ambaye akikataliwa ataanguka, hapaswi kukopa kwa riba. Yafaa asaidiwe na ndugu na jamaa. Yule ambaye akikataliwa atarudi sokoni kama jana, huyo ndiye aliye tayari.

Lakini tusije tukafundisha woga. Wako watu ambao, wakiisha kuungua mara moja, huapa wasikope tena maishani. Nao wapoteza. Mchuuzi aliyenyamaza miaka mitano hana jina baya tena, lakini hana jina jema pia, hajulikani tu. Mkopo mdogo uliolipwa kwa siku yake hueleza habari za mtu kuliko miaka mingi ya kimya. Kwa hiyo ukijibu maswali haya yote vema, nenda ukaombe, ukaombe kidogo.

Mama alikwenda katikati ya Desemba 2024. Mkononi alikuwa na karatasi yenye mhuri na daftari la AVEC, na pembeni alikuwa na shemeji yake. Tangu Juni alikuwa akimpelekea fedha ya baiskeli, mara franka 5,000, mara 10,000. Mara ya kwanza shemeji alizikataa. Mara ya pili alizipokea bila neno. Mara ya tatu alimpa kiti.

Hakuomba dola 300. Aliomba 120 kwa miezi minne, fungu la dola 33 na senti 60 kila mwezi, ambalo ni karibu franka 94,000. Yaani kadiri ile ile aliyokwisha kuizoea katika jaribio lake. Malipo ya mwisho aliyatoa tarehe 15 Aprili 2025, siku ya Jumanne ya Juma Kuu, mwezi mmoja kamili kabla ya tarehe 15 Mei.

Jioni ile alipita kwetu tena na karatasi mkononi. Safari hii hakutaka asomewe. Alitaka tu tuione, kisha akaikunja, akaomba ruhusa ya kwenda, maana shemeji yake alikuwa akimngojea nje, ameshika baiskeli.